Kipimo cha Mama Mkwe

Risper hakuwa mtu wa hasira, na hili nalisema mapema kwa sababu wapo watakaokuja kuwaambia kwamba alizaliwa nazo. Uongo mtupu. Mwanamke aliyeishi na Oliver miaka yote ile, akamsikiliza akijisifu asubuhi na jioni, na sahani za nyumba bado zikawa nzima, huyo si mtu wa hasira. Hasira zilimkuta hospitalini Homa Bay, kando ya kitanda cha mama yake, na zilipomkuta zilimkuta kwelikweli.

Lakini ugomvi wenyewe ulizaliwa Rongo, kwa hiyo tuanze huko.

Oliver, mume wa Risper, alikuwa na kliniki ya sindano za Kichina hapo Rongo, nyuma ya soko. Sindano hizo si za dawa. Ni vyuma vyembamba kama unywele, havina kitu ndani, vinachomekwa mwilini mahali maalumu ili maumivu yaondoke. Kazi hiyo Oliver aliisomea Uchina kwenyewe, wala hakumwacha mtu asahau. Ukimkaribisha chai atakueleza jinsi walivyokuwa wakiinywa kule bila maziwa. Tumpe haki yake, kazi aliijua. Watu walikuja kwake migongo imepinda wakaondoka wamenyooka, na wazee wa Migori walioshindwa kuinua mkono kuvaa shati walirudi makwao wakipunga. Sisemi alikuwa tapeli. Tapeli angekuwa afadhali, maana tapeli ukishamjua unamkwepa.

Msingi wa kazi ile ni kipimo. Mwili una mahali pengi pa kuchoma, na kutoka mahali pamoja hadi pengine hupimi kwa rula wala kwa futi ya fundi cherehani. Unapima kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe. Upana wa kidole gumba chake, pale kwenye kiungo, ndio kipimo kimoja. Vidole vyake vinne vikibanwa pamoja ni vipimo vitatu. Mwenye mwili mkubwa ana gumba kubwa, mwenye mwili mdogo ana gumba dogo, na kila mmoja hupimwa kwa lake, hata kina cha sindano huhesabiwa kutoka hapo. Oliver alikuwa na msemo wake juu ya jambo hili, na kila mgonjwa mpya aliusikia: fundi hamkatii bwana harusi suti kwa kiuno cha mpambe wake. Wagonjwa walicheka, naye akacheka nao, kisha akatoa uzi mweusi mfukoni, akapima gumba la mtu, akafunga fundo kwa kila kipimo, akaupitisha ule uzi mgongoni au mguuni huku akitia alama kwa kalamu.

Kuchoma alimwachia Liz, nesi wake, binti mwenye cheti na mkono mwepesi. Kupima, thubutu. Liz aliomba kufundishwa akaambiwa angoje. Akangoja, akaomba tena, akaambiwa aache haraka. Risper mwenyewe, aliyekaa kwenye dawati la mbele akipokea wagonjwa, hakuwahi kuachiwa ule uzi hata kuushika. Oliver alimweleza mkewe waziwazi kwamba ukimfundisha mtu kupima, kesho anafungua kliniki ng'ambo ya barabara akuangalie ukila vumbi. Basi uzi ukakaa mfukoni mwake, na kwa mambo ya kawaida hilo halikumdhuru mtu.

Sasa sikieni habari za Mama Damaris. Huyu ni mama yake Risper, mjane wa Rusinga, aliyebeba mabeseni ya omena kichwani tangu usichana wake mpaka bega la kulia likagoma. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mifupa ya ndege. Pale sokoni watu waliliona beseni likija kabla ya kumwona aliye chini yake. Risper hakuchukua chochote kwake isipokuwa sauti. Urefu, mabega na viganja vipana kama makasia alivitoa kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akiunda mashua kwa shoka na randa. Mama na binti wakisimama pamoja, mgeni angedhani mmoja amemwajiri mwenzake.

Bega lilimtesa mama mpaka akawa halali. Risper alimsihi aje Rongo atibiwe, na mama akakataa, na kukataa kwake hakukuwa ukaidi. Kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, wala hamwoni hata bega likiwa wazi. Mwenye kukiuka huogopewa kupatwa na chira, na chira si ugonjwa wa kupeleka zahanati. Inamla mtu kidogo kidogo mpaka immalize, yeye au watoto wake. Oliver akiwa na marafiki zake alizicheka sana habari za chira, akaziita ujinga wa mababu. Lakini acheke asicheke, mbele ya mama mkwe aliinamisha kichwa na kusimama mbali kama wengine.

Basi kila alipoombwa, mama aliuliza swali lile lile, atavuaje blauzi katika nyumba ya mkwewe. Risper alilia kwenye simu. Mwishowe Oliver akatoa suluhisho: pazia zito, Liz ndani na mama, yeye nje. Hataona kitu, hatagusa kitu. Mama akaomba juu ya jambo hilo kanisani, akafikiri, akavaa blauzi yake ya Jumapili akaja.

Siku hiyo kliniki ilijaa. Mama Damaris alikuwa nyuma ya pazia, amelala kifudifudi, mgongo wazi, aibu imemshika mpaka amefumba macho. Oliver akasimama nje ya pazia na uzi wake, na hapo ndipo akakumbuka kitu ambacho mtu mwenye akili angekikumbuka jana yake. Kipimo kinatoka kwenye mkono wa mgonjwa, na mkono wa mama mkwe haushikwi.

Angeweza kumpa Liz uzi. Liz alikuwa pale pale, hatua mbili, na vidole vya mama vilikuwa pale pale. Lakini kumpa Liz uzi apime gumba mwenyewe ni kumfundisha kupima, na hilo alikwisha kuapa halitatokea. Kwa hiyo bwana mkubwa aligeuka, akatembea mpaka dawati la mbele, akamwambia mkewe ampe mkono. Risper alikuwa kwenye simu na mgonjwa wa Sindo aliyetaka kujua kama sindano zinauma. Akanyoosha mkono bila kutazama. Oliver akazungusha uzi kwenye gumba lake, akafunga mafundo. Risper akauliza wa nini.

"Wa mama," Oliver akasema. "Wewe si damu yake?"

Risper akacheka, akarudi kwenye simu. Oliver akapenyeza ule uzi kando ya pazia, akaanza kumwelekeza Liz kwa sauti: anzia kwenye mfupa wa shingo, shuka hivi, nenda kando vipimo hivi, kina ni hiki. Liz akasema kwamba anaona mahali penyewe pamesogea mbali, na mgonjwa hana nyama hapo. Akajibiwa afuate uzi. Akaufuata.

Mama alihisi kichomi kikali, akakohoa, akanyamaza. Angesema nini, na mkwewe yuko nyuma ya kitambaa? Alivaa nguo, akashukuru, akapanda gari kurudi kwao. Alipofika Homa Bay kifua kilikuwa kimembana hata hawezi kumaliza neno. Mwanawe Ken, mdogo wake Risper, alikuwa akimngoja pale stendi wavuke pamoja kwenda Rusinga. Badala ya Rusinga akambeba hospitalini. Wakapiga picha ya kifua, wakaona pafu la kulia limenywea kama puto la sherehe ya juzi. Wakampasua kidogo ubavuni wakatia mpira, upande wa pili wa mpira ukaingia kwenye chupa ya maji sakafuni, na kila alipohema chupa ilitoa mapovu.

Risper alifika asubuhi ya pili yake. Daktari aliyekuwa zamu, mwanamke kutoka Pwani aitwaye Sumayya, aliwaeleza yeye na Ken kwa Kiswahili cha taratibu ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa. Sindano imetoboa pafu. Hewa imetoka, imejaa kifuani, imelibana lile pafu. Mpira unaitoa. Pafu litajaza tena, lakini mpira usitolewe mpaka lijaze. Mgonjwa akitolewa hospitalini kabla, akasema, hatawadanganya, anaweza kufia njiani.

Ken akamsikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu, kisha daktari alipoondoka akamwambia dada yake kwamba kesho asubuhi wanampeleka mama nyumbani.

Risper alidhani hakusikia vizuri. Ken akarudia. Hii ni chira, akasema, mtoto mdogo angeona. Mama amevua nguo katika nyumba ya mkwewe, na hata jua halijatua pumzi imemkimbia. Mpira wa daktari hautoi chira. Amekwisha zungumza na wazee, mbuzi amepatikana, manyasi, yaani dawa ya miti ya kumsafisha, inachemshwa. Lazima ifanyike kwake, katika boma lake, si hapa. Ken hakuwa mtu mbaya, na msimwone mshamba. Alikuwa na woga, na mwenye woga hushika kilicho karibu.

Risper akamgeukia mama kumwomba akatae. Mama akatikisa kichwa. Alisema polepole, neno kisha pumzi, kwamba Ken asilaumiwe, ni yeye mwenyewe aliyeomba kupelekwa. Alijua tangu anafungua kifungo cha kwanza kwamba anakosea. Amewaaibisha wanawe, amemwaibisha mkwewe, na afadhali akafe kwake akiwa safi kuliko kuishi hapa akiwa hivi. Kisha akageuza uso, machozi yakamtoka kimya kimya, mwanamke ambaye Risper hakuwahi kumwona akilia hata siku ya kuzika mumewe.

Risper akamshika mkono. Akakaa tu akiutazama ule mkono ndani ya wake. Ulipotea humo. Gumba la mama lilikuwa jembamba, kavu, na gumba lake yeye likiwa kando yake ni kama mtu mzima amesimama na mtoto. Akavilaza vidole vinne vya mama juu ya vinne vyake. Kwa upana, vya mama vilikwishia kwenye kidole chake cha tatu. Akakumbuka simu ya yule mtu wa Sindo. Akakumbuka kwamba alicheka.

Hapo ndipo hasira zilipomkuta. Hata sauti za wodi akawa hazisikii. Haikuwa chira. Haikuwa Mungu, wala mizimu, wala kifungo cha blauzi. Ni mwanamume mmoja aliyempima mtu kwa mkono wa mtu mwingine, na alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wote wa Rongo kwamba haifanywi hivyo.

Akawaambia. Aliwaeleza Ken na mama kila kitu, uzi, mafundo, dawati, mkono wake. Ken akamsikiliza kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko matusi. Dada, akasema, wewe ni mke wa nyumba ile, lazima utafute njia ya kuipunguza aibu. Mama naye akamwambia asijisumbue kumfariji. Wewe unapokea wagonjwa tu, akasema, mambo ya vipimo umeyajulia wapi? Kama ni hivyo, mwenye kupima angesema mwenyewe.

"Akisema mwenyewe, utabaki?" Risper akauliza.

Mama akafikiri, chupa ikatoa mapovu. "Nitabaki," akasema. "Lakini hatasema, kwa sababu si kweli."

Basi Risper akarudi Rongo mchana ule ule. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, ya upole kwanza, ya kumpa mtu nafasi. Maana alimjua mumewe. Oliver ukimsukuma anakuwa jiwe, ukimbembeleza anakuwa ugali. Alimkuta amemaliza kula, ameegemea kiti, anazungumza kwenye simu, na alipotega sikio akatambua kwamba anazungumza na Ken. Alikuwa akisema kwamba mambo ya mila yeye hawezi kuyapinga. Alikuwa akisema pole sana shemeji, tulikosea kuruhusu jambo lile, wazee wafanye linalofaa, na mbuzi nitawaongezea wa pili kwa upande wangu.

Maneno yote ya upole yakamwagika palepale. Jamani, huyu ni yule aliyeita chira ujinga wa mababu! Mwaka mzima anaicheka, leo imempa mgongo wa kujifichia, amejibanza nyuma yake na miguu yote miwili.

Risper akangoja aweke simu chini, akamuuliza kama anajua mama akitolewa mpira atakuwaje. Oliver akasema madaktari wa hospitali hutisha watu. Akamuuliza tena. Akasema yeye anaheshimu mila za wakwe. Akamuuliza mara nyingine, safari hii amesimama juu yake, na mwanamke yule akisimama juu yako taa inapungua. Oliver akainua mikono, akaanza kueleza kwamba leseni yake itanyang'anywa, kwamba watu wa Rongo wana midomo, kwamba miaka yote ile ya Uchina itakuwa imekwenda na maji kwa ajali ndogo. Mbuzi hadhuru mtu, akasema. Waache wamchinje, kila mtu abaki na amani yake.

"Mama yangu akifa njiani, hiyo ni amani ya nani?"

Oliver akatazama ukuta.

"Ulijua?" Risper akasema. "Ulipokuja kushika mkono wangu, ulijua si sawa?"

Oliver akainamisha kichwa. Mtu angeweza kumhurumia kwa namna alivyotazama viganja vyake, lakini Risper hakuwa na akiba ya huruma siku hiyo. "Nilijua gumba lako ni kubwa kidogo," Oliver akasema. "Nilidhani tofauti si ya kuua."

Risper hakupiga kelele. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuwaambia wagonjwa wakae kwenye foleni, kwamba kesho asubuhi wanakwenda Homa Bay pamoja naye atasema hayo hayo mbele ya mama. Asipokwenda, kliniki itafunguliwa kama kawaida, na yeye Risper atakuwa mlangoni. Kila mgonjwa atakayeingia atamwonyesha mkono wake, amwambie huu ndio uliompima mama yangu, wako utapimwa kwa wa nani. Liz atakuwa kando yake, amekwisha kumpigia simu naye amekubali. Oliver akasema mke hawezi kumfanyia mumewe hivyo. Risper akamwambia ajaribu kutokwenda aone.

Walikwenda. Hawakusemezana njiani, na sina la kusimulia juu ya safari yenyewe.

Hospitalini walimkuta Ken amekwisha kufika na shuka na blanketi za kumfungia mama. Nesi alikuwa akibishana naye. Daktari Sumayya ameitwa, amesimama na karatasi ya ruhusa mkononi, uso umemkunjamana, maana mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili zake na akitaka kwenda hafungwi kamba. Mama ameketi kitandani, amekwisha kuvikwa leso. Mpira bado ulikuwa ubavuni, na kila mtu aliutazama huo.

Oliver akakwama mlangoni. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba hawezi kuingia mahali alipolala mama mkwe, naye Risper anajua hivyo. Risper alikaribia kumshika kola. Lakini akaona kwamba hata hilo si la kugombania, akamwonyesha dirisha lililo wazi upande wa baraza, karibu na kitanda. Asimame huko, aseme. Oliver akazunguka, kikaonekana kichwa chake na mabega, ametazama pembeni kama ipasavyo.

Akaanza kwa salamu ndefu. Akaingia kwenye pole. Akasema kwamba katika matibabu hutokea changamoto, kwamba miili hutofautiana, kwamba hakuna aliyetaka yatokee yaliyotokea. Alizunguka mbuyu mpaka Ken mwenyewe akachoka. Mama akamwambia Ken amsaidie kuteremsha miguu.

"Oliver," Risper akasema. "Sema ni mkono wa nani."

Chupa ikatoa mapovu yake.

"Wa Risper," Oliver akasema. "Nilipima kwa mkono wa Risper. Ilipaswa kuwa mkono wako, Mama. Sindano ikaenda pasipo pake, ikazama kupita kiasi. Si chira. Ni mimi."

Ken aliyekuwa ameinama kumshika mama miguu akabaki ameinama. Daktari, ambaye hakujua Kijaluo, alitazama uso mmoja hadi mwingine akiomba mtu amweleze. Mama Damaris akaurudisha mguu wake kitandani, mmoja, halafu wa pili, akajivuta mpaka akaegemea ukuta, na sura yake ikabadilika. Aibu iliyokuwa imemlaza siku zile ikamtoka, na kilichoingia mahali pake Risper alikitambua mara moja, kwa sababu ni kile kile alichokuwa nacho yeye tangu jana.

"Mkwe wangu," akasema, "nitazame."

Oliver hakutazama. Haikuwa desturi.

"Nimesema nitazame. Nimelala hapa nikimwomba Mungu anisamehe kwa kukuvulia nguo. Nimemwaga mchozi mbele ya wanangu. Nilikuwa nakwenda kufa, na wewe ukaniongezea mbuzi." Akatua kuvuta pumzi, na hakuna aliyethubutu kumwingilia. "Uliogopa kunishika kidole. Hukuogopa kunitoboa pafu. Hiyo ndiyo heshima?"

Oliver akainua macho akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Mama akampungia mkono wa kumfukuza, ule ule mkono wa bega bovu, akamwambia aende, asirudi kusimama dirishani pake. Kichwa kikaondoka.

Akamgeukia Ken, akamwambia akunje blanketi zake. Akamwambia mbuzi arudishwe kwa mwenyewe, na hao wazee waambiwe kwamba Damaris yuko hospitalini kwa sababu ametobolewa, si kwa sababu amelaaniwa. Kwa Kiswahili chake cha sokoni akamwambia daktari, "Mimi nakaa. Hiyo karatasi wekea watu ingine." Daktari Sumayya akaikunja ile karatasi, akamrekebishia mpira, akatoka haraka kabla mtu hajabadili nia.

Risper akaona ameshinda. Mama anabaki, mama ataishi, na yule mtu amesema. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono kuushika wa mama. Mama akautoa wake, akauweka chini ya shuka.

"Alikupimia wapi?" akauliza.

"Kule mbele, Mama. Kwenye dawati."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Sauti zenu zilinifikia, maneno hayakunifikia," mama akasema. "Nilikusikia ukicheka, nikasema moyoni, mwanangu yuko karibu. Mikono yangu ilikuwa wapi, Risper?"

Risper, aliyekuwa na hasira za kumgawia kila mtu tangu jana, akatafuta moja ya kumjibu mama yake asiione.

"Ulikuwa nayo," akasema.

"Nilikuwa nayo yote miwili. Hakuna aliyeniomba hata mmoja."

Mama Damaris akageukia ukuta, akaanza kuhema kama daktari alivyomfundisha, kwa nguvu, kwa ukali, kama mtu anayepanda mlima kumfuata aliyemkosea. Risper akakaa pale na mikono yake mikubwa magotini, akiyasikiliza mapovu kwenye chupa, mpaka nesi akaja kumwambia kwamba saa za wageni zimekwisha.